Kazi Kachukua, Pesa Hataki Kutoa

Barua za wiki hii karibu zote ni kilio kimoja: mteja aliyekuwa mpole siku ya kuagiza amegeuka simba siku ya kulipa.

Nilimchorea mwenye duka nembo na bango kwa shilingi 45,000. Nikimdai ananitukana, eti kazi ni mbovu. (Mchoraji, Nakuru)

Pole sana. Matusi yake usiyajibu hata moja. Pita dukani upige picha bango likiwa limetundikwa, kwa sababu kazi mbovu haitundikwi mlangoni. Kisha mwandikie barua ya madai, ukurasa mmoja tu: ulifanya nini, uliikabidhi lini, anadaiwa kiasi gani, mwisho wa kulipa ni tarehe ipi, na kwamba siku hiyo ikipita utakwenda mahakamani.

Nasema haya kwa uchungu. Niliwahi kumwandikia mteja wa tafsiri ujumbe mrefu, nikamsimulia nilivyokesha, na mahali fulani nikamwita muongo. Alilijibu neno hilo moja tu, na deni likasahaulika katikati ya ugomvi. Barua iliyofuata ilikuwa na mistari mitano. Nusu ya pesa iliingia wiki ileile.

Mahakama si itakula pesa nyingi kuliko deni lenyewe? (Mwandishi, Eldoret)

Kuna mahakama iliyoundwa kwa madeni kama lako. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na sasa iko katika miji mingine pia. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaruhusiwa kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Haibanwi na zile kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp yana uzito. Ujumbe wa M-Pesa wa arubuni aliyokulipa una uzito zaidi: mtu hatoi arubuni kwa kazi ambayo hakuiagiza. Usifute chochote, hata maneno yanayokuumiza kuyasoma.

Hajanilipa, basi picha za harusi bado ni zangu? (Mpiga picha, Mombasa)

Hapa wengi hujikwaa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huichukulia hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Basi mkataba wako useme vinginevyo: "Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha hadi malipo yote yakamilike." Na kabla ya kulipwa, mwonyeshe picha ndogo zilizopigwa jina lako katikati. Faili kubwa zifuate pesa.

Nimwanike Facebook? (Fundi wa tovuti, Thika)

Hapana. Najua hasira inavyochoma, lakini neno moja usiloweza kulithibitisha litamfanya yeye awe mlalamishi na wewe mshtakiwa wa kashfa.

Mteja wangu yuko Marekani, mahakama ya Kenya itamfikia wapi? (Mhariri wa video, Kisumu)

Ni vigumu, na gharama itakushinda. Kinga yako iko mwanzoni. Kwa kazi za bei iliyokubaliwa tangu mwanzo kwenye Upwork, mtandao unaowakutanisha wateja na wafanyakazi wa kujitegemea, mteja huweka kwanza pesa za kila awamu ya kazi, na ukishawasilisha kazi akanyamaza siku 14, pesa huachiliwa kwako zenyewe. Usiguse kazi kabla hujaona pesa za awamu hiyo zimewekwa, na usikubali kuhamishiwa nje ya mtandao huo "ili tuokoe makato".