Maswali na Majibu ya Muziki: Miaka Mitatu ya Kuipika Hysteria

Wiki iliyopita niliitaja Hysteria, albamu ya bendi ya roki Def Leppard ya mwaka 1987, na maswali yakamiminika. Leo najibu sita.

Ilikuwaje albamu moja ikachukua miaka mitatu? (Msomaji, Morogoro)

Kila walipoinuka, kuna jambo liliwarudisha chini. Vijana hawa wa Sheffield, Uingereza, walianza kutunga Dublin mapema 1984. Prodyuza wao, Robert John "Mutt" Lange, mzaliwa wa Mufulira katika Zambia ya leo, alikuwa amechoka hoi, akajitoa. Wakamchukua prodyuza mwingine, Jim Steinman, lakini hawakuivana: yeye alitaka bendi isikike ilivyo inapopiga, wao walitaka kila sauti ing'arishwe. Wakaachana. Kisha mpiga dramu akapata ajali. Lange aliporudi, kazi ikaanza upya. Baadaye Lange mwenyewe akaumia miguu kwenye ajali ya gari, na mwimbaji Joe Elliott akaugua matumbwitumbwi.

Ni kweli mpiga dramu wao ana mkono mmoja? Anapigaje? (Msomaji, Kisumu)

Ni kweli. Rick Allen alipata ajali ya gari karibu na Sheffield tarehe 31 Desemba 1984. Madaktari waliushona tena mkono wa kushoto uliokuwa umekatika, ukaingia maambukizi, ikabidi uondolewe. Alikuwa na miaka 21.

Akiwa bado kitandani hospitalini alianza kugongagonga kwa miguu, akagundua kwamba mapigo ya mkono uliopotea bado yamo kichwani, yanahitaji tu njia nyingine ya kutokea. Akatengenezewa dramu za umeme zenye pedali kadhaa upande wa kushoto. Mtazame akipiga: mkono wa kulia unashughulikia matoazi na dramu za juu, huku mguu wa kushoto ukihama kutoka pedali hadi pedali na kuipiga ile dramu kavu inayolia "pa!" katikati ya mdundo. Tarehe 16 Agosti 1986 alipanda jukwaani kwenye tamasha la Castle Donington, Uingereza, mbele ya maelfu kwa maelfu ya watu, na waliposikia jina lake uwanja ulilipuka kwa shangwe. Bendi ilimsubiri, haikutafuta mtu wa kuchukua nafasi yake. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari za albamu hii.

Nina studio ndogo nyumbani. Magitaa yale yanasikika kama ya watu kumi, walifanyaje? (Msomaji, Mbeya)

Wapiga gitaa walikuwa wawili tu, Steve Clark na Phil Collen, na sehemu kubwa ya gitaa haikupitia kwenye maspika makubwa ya jukwaani. Walitumia Rockman, kiboksi cha kushika mkononi kilichobuniwa na Tom Scholz wa bendi ya Boston. Unachomeka gitaa upande mmoja, upande wa pili unachukua sauti. Ni sauti nyembamba, na ndiyo sababu ilifaa: ukirundika sauti nene kumi zinamezana, ukirundika nyembamba kumi kila moja inapata nafasi yake.

Lange alikwenda mbali zaidi. Kuna mahali ambapo sauti zinazopaswa kupigwa kwa mkupuo mmoja zilirekodiwa uzi mmoja mmoja, kisha zikapangwa pamoja. Viitikio navyo viliimbwa na wanabendi pamoja na Lange, tabaka juu ya tabaka, mpaka huwezi kumtambua mtu. Na dramu, ambazo kwa kawaida ndizo hutangulia, ziliachwa mpaka mwisho. Milio yake ilihifadhiwa kwenye kompyuta ya Fairlight. Jaribu leo usiku: rekodi mstari mmoja wa gitaa mara nne kwa sauti nyembamba, uone.

Def Leppard ni glamu metali kweli? (Msomaji, Arusha)

Hilo ni jina la roki nzito ya miaka ya 1980 iliyojaa mapambo, na wenyewe hawalipendi. Nywele, mavazi na viitikio vya kuimbwa na uwanja mzima vinawaweka humo, na mimi nawahesabu.

Gharama zilirudi? (Msomaji, Nairobi)

Zilirudi, ila kwa kuchelewa. Wanabendi wamesema walihitaji kuuza takriban nakala milioni tano ndipo waanze kuona faida. Kilichowaokoa Marekani ni Pour Some Sugar on Me, wimbo uliozaliwa albamu ikikaribia kukamilika: Elliott alikuwa akichezea gitaa kavu wakati wa mapumziko, Lange akasikia, akasisitiza lazima urekodiwe. Julai 1988, karibu mwaka mzima baada ya kutoka, albamu ikashika namba moja Marekani. Hadi sasa imeuza zaidi ya nakala milioni 20 duniani.

Ngoma za wimbo wa Rocket zinanikumbusha kwetu. Nakosea? (Msomaji, Bujumbura)

Hukosei hata kidogo. Mdundo wake ulichochewa na Burundi Black, rekodi ya 1971 iliyochukua sauti za wapiga ngoma wa Burundi zilizorekodiwa miaka ya 1960 na kuongezewa vyombo vya Kizungu. Wewe unajua jinsi ngoma ziitwazo amashako zinavyoshikilia mdundo bila kuchoka, wakati ngoma ya katikati, inkiranya, ikiongoza. Sikiliza mwanzo wa Rocket kwa hedifoni, sauti juu, kabla gitaa halijakolea. Chimbuko la mdundo ule ni wazee wenu.