Kwa mnaoanza kuketi na walioumizwa

Karibuni kwenye huduma ya ushauri. Nimeketi katika chumba cha nyuma ya kanisa, hapa Kisauni, Mombasa, miaka kumi na minne sasa, na somo langu la kwanza nililipata kwa kuharibu.

Aliletwa binti aliyeumizwa vibaya na mtu mzima wa kwaya. Wazee walitaka yaishe. Nami nikamsomea Mathayo 18, saba mara sabini. Akasema amesamehe, wakapeana mikono, tukanywa chai. Jumapili iliyofuata hakuja, wala hajarudi hadi leo. Yule bwana aliendelea kuimba.

Sura ile niliisoma nusu. Kabla ya swali la Petro, amsamehe ndugu yake mara ngapi, Yesu anaagiza mkosaji aambiwe kosa lake, akikataa waletwe mashahidi, kisha kanisa zima. Baada ya swali unakuja mfano wa mfalme, naye kabla ya kusamehe anafanya hesabu. Mwenye duka wa Kongowea hakusamehe deni ambalo hajalisoma daftarini. Basi kazi yenu ya mwanzo ni kusikiliza hesabu yote: kilichochukuliwa, na nani, mara ngapi. Msimharakishe mtu, hata akilia saa nzima.

Halafu msichanganye kusamehe na kupatana. Kusamehe aweza mmoja, kimoyomoyo, hata mkosaji akiwa kaburini. Kupatana kunataka wawili, na wa pili awe amegeuka. Yusufu aliwapima ndugu zake waliomuuza mpaka Yuda akajitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini, ndipo akajitambulisha. Paulo anaomba waliomkimbia wasihesabiwe hatia, lakini mstari mmoja tu juu yake anamwonya Timotheo ajihadhari na Aleksanda mfua shaba, aliyemtendea mabaya. (Hiyo sijawahi kuisikia ikihubiriwa.)

Wala msamaha haufuti kesi. Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi Mei 1981, akatangaza msamaha siku chache baadaye, akamtembelea Mehmet Ali Ağca, aliyempiga, gerezani 1983. Ağca alikaa jela za Italia hadi 2000. Mzee akiwaambia kwamba kwenda polisi ni kukosa imani, mkumbusheni hilo.

Kwa aliyebakwa, hospitali kwanza, maombi njiani. Dawa ya kuzuia VVU ianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Asioge, asifue nguo. Zitiwe mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hospitali Kuu ya Pwani wana kituo cha manusura. Akiwa mtoto, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Mambo haya si ya kamati ya kanisa kuyamaliza.

Wengi watawauliza, "Nisiposamehe leo, Mungu atanikasirikia?" Mimi siku hizi sijibu. Namfungulia Zaburi ya 13, "Ee Bwana, hata lini," tunasoma pamoja polepole, kisha namwuliza kama ana nauli ya matatu ya kurudi wiki ijayo.