Kuuguza mzazi nyumbani miezi 14: grinikadi yako ya Marekani itasalimika?

Mkuu, umesema una grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) ya bahati nasibu, uko mwaka wa tatu Marekani, na unataka kwenda Tanga kumuuguza mama kwa miezi 14 hivi. Kwa kuwa kadi ina miaka saba mbele, unaona huna shida. Shida unayo. Tarehe iliyoandikwa pale ni ya kadi yenyewe, haikupi ruhusa ya kukaa nje hadi siku hiyo. Ukifikisha mwaka mmoja nje, kadi peke yake haikurudishi tena.

Unachohitaji ni kibali cha kurejea, fomu I-131, na siku unapoituma lazima uwe ndani ya Marekani. Baadaye utaitwa kuchukuliwa alama za vidole, hukohuko Marekani. Hapo ndipo watu huumia: fomu inatumwa Jumatatu, Ijumaa mtu yuko angani, barua ya kuitwa inakuta nyumba tupu, na ombi linaweza kukataliwa. Subiri alama zichukuliwe, ndipo uondoke. Kibali chenyewe huchukua miezi mingi, ila si lazima ukingoje: kwenye fomu omba kipelekwe ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, ukachukulie huko. Kwa kawaida kinadumu miaka 2 na hakiongezwi muda. Ukitaka kingine, unarudi Marekani kuomba upya.

Hata ukiwa nacho, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kukuuliza kama bado unaishi Marekani. Kwa hiyo usifunge akaunti ya benki, leseni ya udereva iwe hai, na barua za hospitali ya mama uziweke pamoja. Zikiwa za Kiswahili, zitafsiriwe Kiingereza, na mtafsiri athibitishe kwa sahihi yake kwamba tafsiri ni kamili na lugha zote mbili anazimudu. Kodi jaza fomu 1040 kama mkaazi, hata kama mapato yote yametoka Tanzania. Anayejaza 1040-NR ili alipe kidogo anajitangaza mwenyewe kuwa si mkaazi, na karatasi hiyo itamfuata.

Kuna ushauri wa vijiweni: "Ingia kila baada ya miezi 5, kaa wiki mbili, toka." Usiutegemee. Kinachopimwa ni maisha yako yako wapi, si mihuri ya pasipoti. Ukizidisha siku 180 nje, sheria inakuhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya, na maswali huongezeka. Afisa akikusogezea fomu I-407, ujue ni ya kurudisha ukaazi kwa hiari. Huna wajibu wa kuisaini. Una haki ya kupelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji, na mpaka jaji aamue, wewe bado ni mkaazi.

Sasa uraia, ambao watu huuchanganya na kadi. Kibali kinalinda kadi tu. Kwa N-400, fomu ya kuomba uraia baada ya miaka 5 ya ukaazi, safari ya zaidi ya miezi 6 inakuletea mzigo wa kuthibitisha kwamba hukuhama. Ya mwaka mzima inakata hesabu ya miaka hiyo 5 hata ukiwa na kibali. Ukirudi baada ya miezi 14, unaweza kuomba baada ya miaka 4 na siku 1, lakini sehemu ya safari hiyo bado itaonekana ndani ya miaka 5 na utaulizwa. Ukisubiri miaka 4 na miezi 6, swali hilo halipo. Pia, katika miaka hiyo 5, uwe umekaa ndani ya Marekani jumla ya miezi 30. Kama uraia una haraka nao, gawana zamu na ndugu zako, kila safari yako iishie chini ya miezi 6.

Kwa aliyekwisha kupitisha mwaka bila kibali, inabaki viza ya SB-1, ya mkaazi anayerejea, inayoombwa kwa fomu DS-117 ubalozini. Hapo unathibitisha kwamba uliondoka ukiwa na nia ya kurudi, na kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako. Nauli kupanda bei haitoshi.