Kabla hujaandika "tufaha", uliza ni la mti gani

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri hadithi za Wagiriki wa kale kwa ajili ya watoto. Nilipofika harusi ya Peleus na Thetis, pale Eris, mungu wa ugomvi, anapowarushia wageni tunda la dhahabu, niliandika "tufaha" nikasonga mbele. Mhariri wetu, dada mmoja wa Unguja, akanipigia simu: "Kaka, hili ndilo tufaha letu?"

Kwao tufaha ni lile jekundu lenye umbo la pea. Maua ya mti wake yakipukutika, chini hugeuka zulia la waridi. Ukiling'ata, nyama yake ni nyeupe, laini, ina maji mengi na harufu ya waridi kwa mbali, na katikati mna kokwa kubwa. Mimi kichwani nilikuwa na yale ya dukani, yanayotoka Afrika Kusini na kibandiko chake.

Ndipo nikalirudia neno lenyewe la Kigiriki: mēlon. Leo Mgiriki akisema milo anamaanisha hilo la dukani, lakini wahenga wake walilitumia kwa matunda mengi ya mitini, kisha wakalifafanua kwa kutaja lilikotoka. Mēlon la Kydonia, mji wa Krete, ni tunda gumu, chachu, la njano. Mēlon la Uajemi ndilo fyulisi. Jina hilo la Uajemi, persikon, lilipita Kilatini, Kifaransa na Kiingereza hadi likatufikia sisi kama pichi. Mama anayeuza mapichi Lushoto anaitaja Uajemi kila siku.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetafsiri: ukikutana na mēlon, tafuta neno linaloandamana nalo. Kama halipo, usilazimishe.

Wa pili: angalia waliokutangulia walifanya nini. Katika Biblia ya Kigiriki, Mithali 25:11 na Wimbo Ulio Bora 2:3 zote zina mēlon, na Kiebrania chake ni tappuach, ndugu wa tuffah ya Waarabu iliyotupa "tufaha". Fungua sasa Biblia ya Union: Mithali ina machungwa, Wimbo una mpera. Neno moja, miti miwili, na wala si mtufaha! Zamani niliona ni uzembe. Siku hizi nawaheshimu, kwa sababu msomaji wao alikuwa amekaa kivulini mwa mpera, akala na pera lenyewe.

Halafu kuna mtego ambao nusura uninase. Katika Odyssey, utenzi wa Homer, Polyphemos, lile jitu lenye jicho moja, anachunga mēla. Hayo si matunda, ni kondoo na mbuzi. Ni neno jingine linaloandikwa vilevile. Warumi nao walichukua tamko la Kidoria, lahaja mojawapo ya Kigiriki, mālon, wakapata mālum, yaani tufaha, ambalo kwa a fupi ni "uovu". Mfanano huo umesaidia sana kulifanya tunda la Edeni kuwa tufaha, ilhali Mwanzo inasema tunda tu.

Kwenye kitabu chetu tulikubaliana kuandika "tunda la dhahabu". Mchoraji akauliza achore lipi. Dada wa Unguja akamwambia alichore la mviringo, dogo, linalojaa kiganjani, na asilitie kikonyo wala jani.