Barabara ya mlimani, kupanda au kushuka?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi na wenzangu tunataka kwenda kupanda mlima, sasa pale njia ya miguu inapoanzia watu wanajaa kila wikendi lakini barabara yake ni vumbi na mawe, nyembamba, kona tupu, huku mlima huku korongo. Gari langu dogo, otomatiki. Litapanda kweli?

JIBU: Marahaba. Litapanda, wewe nenda nalo taratibu, kama halina tabo, ile pampu inayosukumia injini hewa zaidi, utaliona linachoka maana hewa ya juu ni nyepesi na kila mita 1,000 injini inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu. Kwenye mawe pitisha tairi juu ya jiwe, usiliweke jiwe katikati, sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikitoboka safari imeisha.

Mimi nakuogopea kurudi. Jioni miguu imechoka, mna njaa, unaacha gia kwenye D halafu unakanyaga breki toka juu mpaka chini, aisee usifanye hivyo, breki zinapata moto sana na moto unafika kwenye mafuta yake. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kadiri yanavyokaa, ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230 hivi, yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 155, na yakichemka ni mvuke tu humo ndani, unakanyaga pedeli inazama mpaka chini na gari linaenda.

Kwa hiyo kabla mteremko haujaanza weka L au 2, yaani gia ndogo, injini ndiyo ilishike gari. Italia kwa sauti kubwa, iache ilie. Breki kanyaga kidogo achia, kanyaga achia. Ukisikia harufu kali ya kuungua inaingia dirishani simama penye upana, weka P, kinga tairi kwa jiwe, subiri breki zipoe kama nusu saa na usizimwagie maji.

Ukikutana na anayepanda, mpishe wewe unayeshuka, simama mapema palipo pana, na usisogee sana ukingoni hasa mvua ikiwa imenyesha, udongo wa pale unameguka. Kona usiyoona mbele piga honi.

Halafu mwanangu, hayo mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Kama hukumbuki pitia kwa fundi kabla hamjaondoka.