Barabara imetitia, mbona wanapiga pampu tu bila kuchimba?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Dar es Salaam. Wiki mbili zilizopita barabara mbele ya kibanda changu ilititia usiku, kumbe bomba la majitaka limevunjika chini. Mafundi walikuja wakatandaza mipira mirefu juu ya lami, wakawasha pampu na genereta, basi. Mpaka leo hawajachimba. Kwa nini wasimwage zege wakafunga kazi? Na hii harufu haitatuua?

JIBU: Pole sana, mama. Najua genereta na wateja wa chai hawakai pamoja. Lakini hao mafundi wameanzia panapotakiwa. Bomba la maji safi likipasuka unafunga koki, unatengeneza kwa nafasi. Majitaka hayana koki. Barabara imezama, lakini watu wa juu ya mtaa wanaendelea kuoga na kwenda chooni, na kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 ndiyo yanakuja kwa fujo. Kwa hiyo yanapitishwa pembeni kwanza: chemba ya upande wa juu wa mtaa, kabla ya kufika kwenye shimo, inazibwa kwa mpira unaojazwa upepo, pampu inanyonya hapo na kutema kwenye chemba ya upande wa chini, baada ya shimo. Wewe hesabu pampu. Ukiona ni moja tu, haina ya akiba, hapo lalamika, kwa sababu siku ikigoma mzigo utarudi kwenye vyoo vya majirani zako.

Kuhusu zege, hapana. Shimo unaloliona ni mdomo tu. Bomba likipata ufa, mchanga unaolizunguka unapenya kidogo kidogo na kusombwa na maji, miezi hata miaka. Chini ya lami linabaki pango, na lami inakaa juu yake kama utandu wa uji: kwa macho ni mzima, weka kijiko uone. Mimi nikifika mtaa wa namna hii nafungua kwanza chemba ya chini na kuchota tope kwa koleo. Nikikuta mchanga msafi, mwingi, usiofanana na taka za jikoni, najua huko juu kuna ardhi inaliwa. Sasa mwaga zege juu ya pango hilo: umelibebesha bomba bovu mzigo, na zege lenyewe linaingia ndani na kuganda. Nilishaitwa kulivunja zege la aina hiyo. Siku nne za nyundo, kwa mita chache tu.

Harufu ya yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Pale kibandani, penye upepo, inakera zaidi ya kudhuru. Inaua ndani ya chemba. Ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, na ikifika kama sehemu 100 katika milioni pua inaacha kuinusa. Mtu anadhani imekwisha, anashuka. Simu ya kijana wako ikitumbukia humo, iende. Hata fundi hashuki bila kipimo cha gesi, mkanda wa kumvutia, na mwenzake juu.

Gesi hiyohiyo ndiyo inayolila bomba la zege. Bakteria wanaoishi kwenye unyevu wa dari ya bomba wanaigeuza kuwa asidi ya salfuriki, ndiyo maana bomba linaoza juu wakati chini, maji yanapopita, bado zima. Nimeshachomeka bisibisi kwenye dari kama hiyo ikazama kama kwenye ugali uliopoa.

Na bomba haliharibiki mahali pamoja tu. Huko Fraser, jimbo la Michigan, Marekani, mkesha wa Krismasi 2016 bomba kuu la majitaka lenye kipenyo cha zaidi ya mita 3 lilibomoka na kuondoka na nyumba. Matengenezo yalichukua karibu mwaka na takriban dola milioni 75. Njia hiyohiyo ilishabomoka sehemu nyingine mwaka 1978, ikarudia 2004.

Kwa hiyo waulize wamepitisha kamera ndani ya bomba mpaka chemba ipi. Sehemu iliyovunjika lazima ichimbwe, kingo zishikiliwe kwa vyuma au mbao, maana mchanga wa Dar hausimami. Iliyochakaa lakini bado ina umbo inaweza kuvalishwa soksi ya kitambaa iliyoloweshwa gundi inayokauka ikawa bomba jipya ndani ya la zamani, bila kuchimbua mtaa. London walianza hivyo mwaka 1971.

Siku ya kufukia, acha sufuria dakika tano ukatazame. Udongo usio tope unawekwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka kama sentimita 20, linashindiliwa kwa mashine ndipo linafuata jingine. Wakirudisha tope lilelile kwa mkupuo mmoja na kulikanyaga kwa tairi za lori, piga picha. Masika utaihitaji.