"Privacy": faragha, usiri au ubinafsi?

Msomaji anauliza neno la Kiingereza "privacy" lifasiriwe vipi, kwa kuwa amekutana na "faragha", "usiri" na hata "ubinafsi". Aidha, anataka kujua kama ni kweli kwamba asili yake ni neno lenye maana ya kunyimwa.

Nianze na hilo la asili, maana ni kweli. Katika Kilatini, "privus" ni kitu kilicho peke yake au cha mtu mmoja, na kitenzi "privare" kilichotokana nacho ni kumwondolea mtu kitu, kumpokonya. Kutokana na kitenzi hicho likapatikana "privatus", ambalo Warumi walilitumia kwa raia asiyeshika wadhifa wowote wa umma, yaani aliyekosa madaraka. Kiingereza kililipokea kama "private" katika karne ya 14, kisha chenyewe kikaliongezea kiambishi na kupata nomino "privacy". Mabaki ya maana ya kale yangalipo jeshini, ambako "private" ni askari wa daraja la chini kabisa. Anaitwa hivyo kwa kuwa hana cheo, wala si kwa kuwa ana siri.

Maana ya kujitenga na macho ya watu ndiyo iliyokuja kutawala, na uzito wake wa kisheria ulipata nguvu mwaka 1890, wanasheria Samuel Warren na Louis Brandeis walipochapisha nchini Marekani makala iliyotetea haki ya mtu kuachwa bila kubughudhiwa. Mwaka 1948, Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu liliiweka haki hiyo katika ibara ya 12.

Tafsiri yake sahihi ni "faragha". Neno hili tumelitoa katika Kiarabu, ambako "faragh" ni utupu, nafasi iliyo wazi au wakati usio na shughuli; kwetu likawa hali ya kuwa mahali pasipo watu wengine. Waarabu wenyewe siku hizi, wanapozungumzia haki hii, hutumia "khususiya", neno la ukoo mmoja na "hasa", "hususan" na "mahususi" tulizonazo. Kiswahili kimeshika njia yake, na kwa maoni yangu kimechagua vizuri, kwa sababu faragha haidai kwamba kuna jambo linalofichwa.

Hapo ndipo "usiri" unapopungua. Siri ni habari ambayo anayeijua hatakiwi kuitoa, ilhali faragha ni eneo la maisha ambalo mtu ana haki asiingiliwe, hata kama hakuna asilolijua mtu kuhusu yanayotendeka humo. Daktari anayefunga pazia kabla ya kumpima mgonjwa analinda faragha yake. Akinyamaza baadaye kuhusu ugonjwa aliougundua, anatunza usiri. Ndiyo maana tunasema "haki ya faragha" na "sera ya faragha", lakini "usiri wa taarifa za mgonjwa" ni sahihi vilevile mahali pake.

"Ubinafsi" uachwe kabisa. Inaeleweka anayelitumia amefikaje huko: kivumishi "private" mara nyingi ni "binafsi", kama katika "sekta binafsi" na "mali binafsi", na akidhani kiambishi u- kitampa nomino inayolingana. Bahati mbaya nafasi hiyo imekwisha kushikwa, kwani ubinafsi ni tabia ya kujipendelea bila kuwajali wengine, na anayeandika kwamba kampuni fulani "inaheshimu ubinafsi wa wateja" amewatukana wateja hao bila kukusudia. Itafaa pia kutofautisha "taarifa binafsi", ambazo ni habari zinazomhusu mtu fulani, na "mazungumzo ya faragha", ambayo hufanywa mbali na masikio ya wengine hata kama yanahusu mambo ya ofisi.

Kisarufi, faragha iko katika ngeli ya i-/zi-: faragha yangu imeingiliwa, faragha zao zilindwe.